Spika Zilizofunikwa

Saa tatu asubuhi ya Jumanne, Inspekta Scolastika Ndaki alivua viatu kwenye kizingiti cha nyumba ya marehemu mzee Velji, mjini Kahama, akaingia ndani na soksi iliyotoboka dole gumba. Hakuona haya. Katika nyumba ile, uwe umekuja kuomba chumvi au umekuja kukamata mtu, viatu vinabaki nje. Ndivyo mama mwenye nyumba alivyotaka tangu alipoletwa hapo akiwa bibi harusi, na jeshi zima la polisi halikuwa na kifungu cha sheria cha kumbishia.

Koplo Marwa, aliyekuwa akipambana na kamba za buti nyuma yake, alinung'unika kwamba kazi yenyewe ilikwisha tangu juzi. Mtu yuko ndani, jalada limejaa, sasa hapa wamefuata nini tena? Scolastika akamjibu kwamba wamefuata kushoto na kulia. Marwa alimtazama, akarudi kwenye kamba za buti. Alikuwa mtu mzima, amebakiza miaka miwili astaafu, na alishajifunza kwamba mama huyu wa Ushetu akianza kusema nusunusu ni heri umwache amalize mwenyewe.

Na kweli mtu alikuwa ndani. Fundi Donatus Maganga, yule wa redio na televisheni karibu na stendi, alikuwa mahabusu tangu Jumapili usiku, na kesho yake asubuhi angepandishwa kizimbani kwa kumuua mzee Velji. Mauaji hayana dhamana. Mtu akishasomewa shtaka hilo anaweza kukaa rumande mpaka watoto wake wamsahau sura. Mkuu wa upelelezi wa wilaya alitaka jalada mezani kwake saa kumi jioni, na alishasema hataki kusikia mambo ya "lakini". Nje ya kituo Nelly, mke wa fundi, alikuwa amekaa kwenye tofali tangu alfajiri na hotpoti mapajani. Scolastika alipompita, mama yule alimwamkia tu kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," basi, hakuongeza neno la kumwombea mumewe. Salamu ile ilimkaa Scolastika rohoni kuliko kama angelilia.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Jumapili saa nane mchana Mama Hansa, mke wa mzee, jina lake mwenyewe Usha, alikwenda hekaluni kwenye nyimbo za ibada. Saa tisa fundi Donatus akaja, kama Jumapili zote. Saa kumi na robo muuza duka wa mbele alimwona fundi akitoka getini mbiombio. Saa kumi na mbili Mama Hansa akarudi, akamkuta getini Sameer, mtoto wa marehemu kaka mkubwa wa mzee, ndiyo kwanza anashuka kwenye gari kutoka Bugarama, ambako alikuwa akiendesha karasha, mtambo wa kusaga mawe ya dhahabu. Wakaingia pamoja. Mama akafungua mlango wa chumba cha muziki, akamkuta mumewe chini, kichogo kimepasukia kwenye kona ya ampilifaya. Daktari alisema mtu hawezi kuanguka kwa nguvu ile bila kusukumwa.

Kilichomzamisha fundi ni zile spika. Zilikuwa mbili, bapa, ndefu kama mlango na nyembamba kama ubao wa kupigia pasi uliosimamishwa. Mzee aliziagiza kutoka nje miaka ishirini iliyopita, na wageni wengi walidhani ni pazia za kugawia chumba. Tatizo la spika za namna hiyo ni kwamba zinatoa sauti mbele na nyuma, kwa hiyo ukitaka zilie vizuri lazima uzisimamishe katikati ya chumba, hatua mbili nzima kutoka ukutani, na usikilize kutoka kwenye kiti kimoja tu kilichopimwa kwa futi. Ukisogea pembeni, umekosa. Sasa katikati ya chumba ndiyo njia ya Mama Hansa kwenda kwenye kona anakowasha taa ya miungu yake. Mume na mke walivutana juu ya jambo hilo mpaka wakapatana: muziki ukiwa unapigwa, spika zikae kwenye utepe mwekundu uliobandikwa sakafuni, muziki ukiisha, zirudi ukutani na zifunikwe vitambaa. Mzee alikuwa na mgongo mbovu. Aliyezitoa na kuzirudisha ni Donatus, yeye peke yake, na mji mzima ulijua.

Na Jumapili ile spika zilikutwa ukutani, zimefunikwa. Maana yake, jalada lilisema, muziki ulikwisha fundi akiwa bado yupo, akazirudisha, wakagombana, akamsukuma mzee akakimbia. Hata Scolastika mwenyewe aliona hoja hiyo ina uzito, akaisaini.

Kilichomrudisha ni swali. Asubuhi hiyo saa moja alikwenda mahabusu kuchukua maelezo ya nyongeza. Donatus, mtu mfupi mwenye vidole vyembamba, alirudia yaleyale: alisafisha spika, akazitoa, akamwacha mzee kitini santuri inazunguka, akakimbilia mazoezi ya kwaya ambako alikuwa amechelewa. Saa kumi na mbili na nusu angerudi kuzirudisha. Scolastika akamwambia waziwazi kwamba zilikutwa ukutani. Fundi, badala ya kujitetea, akauliza: "Afande, ile ya kushoto imesimama kushoto?"

Scolastika alidhani usingizi wa sakafuni umemvuruga. Akauliza inahusu nini. Donatus akaeleza taratibu, kana kwamba yuko dukani kwake na mteja. Spika zile si pacha wa kufanana. Moja ni kioo cha mwenzake. Kila moja ina utepe mwembamba upande mmoja wa kutolea sauti kali, na tepe hizo lazima zitazamane. Kwa nyuma, chini kabisa, ameziandika kwa chaki, kushoto na kulia. Mzee hakukubali zibadilishwe hata zikiwa zimelala ukutani. Alikuwa anaingia tu chumbani anajua. "Kama mzee alikuwa hai zilipokuwa zinasogezwa," fundi alisema, "ya kushoto iko kushoto. Kaangalie, afande."

Ndiyo maana sasa alikuwa amesimama kwenye chumba kile na soksi iliyotoboka.

Kilikuwa chumba kirefu, kuta zake zimevikwa magunia yaliyojazwa pamba ya shamba la Shinyanga, mzee akisema pamba inameza mwangwi. Ukiongea humo sauti yako inakurudia imechoka. Katikati kiti kimoja cha ngozi. Mbele yake tepe mbili nyekundu sakafuni, wazi. Ukutani spika mbili chini ya vitambaa vya pamba nyeupe vyenye darizi ya kijani kwenye pindo.

Mama Hansa alikuja na chai ya maziwa, akiwa na sari nyeupe, macho makavu. Walishauteketeza mwili jana kwa desturi yao. Scolastika alimpa pole tena, kisha akamwuliza habari za spika, na mama akazitazama kama mtu anavyomtazama mgeni aliyekaa miaka ishirini bila kusema anaondoka lini.

"Hawa ni wake wenzangu," alisema. "Mimi nilikuwa nimeolewa kwanza, wao wakaja wawili kwa mpigo, wakachukua chumba kikubwa. Kiti kimoja tu wameacha. Mimi sijakaa hata siku moja."

Marwa alimtupia bosi wake jicho. Scolastika alilielewa jicho lile: mwanamke aliyepuuzwa miaka ishirini, mbona jalada halikumgusa? Lakini yeye alishamgusa. Jana, kimyakimya, alikwenda kwa wanawake waliokuwa hekaluni, akawauliza mmojammoja, na wote walisema Mama Hansa alikuwa mbele kabisa akipiga matoazi tangu saa nane na nusu hadi saa kumi na mbili kasoro. Mtu anayepiga matoazi huwezi kumkosea. Njia ile iliishia hapo.

Akamwuliza kama mzee alikuwa na ugomvi na fundi. Mama akasema ugomvi gani, hao walikuwa wakikaa saa nzima wanabishana juu ya waya mmoja na wanaagana wanacheka. Na mtu mwingine? Mama Hansa alikoroga chai isiyohitaji kukorogwa. Mwishowe akasema hakuna, ila nyumbani kulikuwa na maneno kidogo. Karasha ya Sameer imesimama kwenye kiwanja cha mzee, na maji yake yenye zebaki yalikuwa yanatiririkia kisima cha watu. Mzee alikwenda akaona kwa macho yake. Jumatatu alikuwa aende Bugarama kuifunga. Sameer hakufurahi, lakini ni mtoto wa nyumbani. Wazazi wake walikufa kwa ajali akiwa na miaka sita, yeye mama ndiye aliyemlea kwa mkono wake pamoja na mwanawe Hansa. Alisema hayo akitazama mlango.

Scolastika hakuandika kitu. Alimwomba mama akapumzike kidogo sebuleni. Mlango ulipofungwa alivaa glavu, akamwambia Marwa ashike kamera.

Walifunua spika ya kwanza, iliyokuwa kushoto. Waliiinamisha polepole, Scolastika akachungulia nyuma, chini. Chaki ya Donatus ilikuwa imeandikwa kwa herufi za mtu aliyesoma kwa watawa: Kulia. Wakaifunua ya pili. Kushoto.

Marwa alipiga picha, akashusha kamera, akasema labda fundi alikosea kwa haraka. Scolastika hakubisha. Alimwambia alale chini pale palipochorwa chaki ya mwili, miguu kuelekea kiti, kichwa kwenye ampilifaya. Koplo, na miaka yake yote, akalala. Scolastika akasimama kwenye utepe mwekundu wa kushoto, akanyoosha mikono kama amebeba mlango, akaanza kwenda ukutani. Hatua ya pili alimkuta Marwa njiani. Hakuweza kupita bila kumkanyaga. Kilichobaki ni kuzunguka nyuma ya kiti na kutokea upande wa pili, na ukitokea huko ukuta ulio mbele yako ni wa kulia, ya pili inabaki na nafasi ya kushoto.

"Unaona?" alisema. "Zilihamishwa mzee akiwa tayari yuko hapo ulipo. Jalada letu linasema zilirudishwa kwanza, ugomvi ukaja baadaye. Limekosea."

"Basi fundi alimuua kwanza, akazirudisha baadaye," Marwa alisema kutoka sakafuni.

"Ili iweje? Zikibaki katikati, yeye ndiye anayepona. Kuzirudisha ni kujifunga kamba mwenyewe. Inuka, utapata mafua."

Hapo ndipo alipouona weusi. Nyuma ya kila spika kulikuwa na wavu wa chuma, na ndani ya wavu safu za sumaku nyembamba zilizopangwa kama kuni. Kwenye wavu, juu kidogo ya katikati, palikuwa na mabaka mawili ya unga mweusi uliosimama wima kama ndevu za siku tatu. Mabaka ya mraba, kati yake pamebaki uwazi wa kiganja. Akaenda kwenye spika ya pili. Mabaka mawili, mraba, uwazi uleule, urefu uleule.

Scolastika alitumikia miaka minne kituo cha Bugarama. Aliwaona wachimbaji mamia kwa maelfu wakipitisha sumaku juu ya unga wa karasha kuondoa chuma kabla ya kukamata dhahabu, na unga ule mweusi ukirukia sumaku na kusimama vilevile. Karasha inasaga mawe kwa mipira ya chuma. Mipira inalika, na chuma chake kinakwenda na vumbi kwenye nguo, kwenye nywele, mpaka kwenye ugali. Aliomba jikoni sumaku ya friji, yenye umbo la nanasi, akakung'uta unga kidogo kwenye karatasi, akapitisha nanasi chini yake. Unga ukatembea.

Mabaka yale yalifika usawa wa kidevu chake. Kifua cha Donatus kingeishia chini ya hapo kwa shibiri nzima. Na tena Donatus alishaeleza kwamba spika hizi hazikumbatiwi, zina utando mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Unashika fremu pembeni, unaitembeza kona moja baada ya nyingine kama mtoto anayejifunza kutembea. Huyu alizikumbatia kama kiroba cha mawe. Mtu mrefu, mwenye ovaroli ya mifuko miwili kifuani.

Palikuwa na jambo moja zaidi, nalo lilikuwa dawa na sumu. Donatus alikuwa na mtindo wake: kila Jumapili kabla ya kuzitoa spika alizibandika plasta ya karatasi nyuma, akaibandua na vumbi lake, akaigandisha kwenye daftari na tarehe, ili mzee aone vumbi la wiki. Daftari lilikuwa palepale chini ya santuri. Plasta ya Jumapili ilikuwa ya kijivu, haina hata chembe nyeusi. Ndiyo kusema chuma kilikuja baada ya fundi kusafisha. Lakini lile lilikuwa daftari la mtuhumiwa, kwa mkono wa mtuhumiwa, na Scolastika alijua mkuu wake atasema nini: mtu hajiandikii hukumu yake. Alihitaji mdomo mwingine.

Wakazifunika tena zilivyokuwa. Kisha akatuma aitwe Sameer.

Alikuja upesi, miguu peku, kijana wa miaka thelathini na mbili, mrefu, nadhifu, harufu ya sabuni. Aliinamisha kichwa, akatoa shikamoo. Scolastika akaitikia marahaba, akamwomba radhi kwa usumbufu, akasema ni vitu viwili vitatu vya kukamilisha jalada. Mama Hansa alikuja nyuma yake, akabaki amesimama karibu na taa ya miungu. Scolastika hakumzuia.

Sameer alijibu vizuri, bila kusitasita. Alitoka Bugarama saa kumi, akafika saa kumi na mbili, muulizeni Kaki, maana ndivyo alivyomwita mama mdogo huyu kwa lugha ya kwao. Alisema Donatus alikuwa mtu wa hasira za ndani. Alisema kila mtu anajua fundi ndiye pekee anayegusa spika, na alilisema hilo mara mbili kwa maneno yaleyale. Scolastika alitikisa kichwa kukubali kila neno. Kwa kweli alikuwa akimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

"Jumapili uliingia humu?" aliuliza.

"Sikuingia, afande. Nilisimama pale mlangoni. Kaki ndiye aliyeingia."

"Hata kumwinua baba yako mdogo?"

"Nilikuwa na ovaroli ya kazini, nimetoka karasha moja kwa moja. Mzee alinipiga marufuku tangu mwaka juzi, alisema vumbi langu linaziua spika zake. Na nguo zile ningeingia humu, angefufuka anifukuze."

"Kwa hiyo tangu mwaka juzi hujaingia."

"Hata siku moja."

Scolastika alimwomba Marwa aliandike hilo, Sameer akalisoma, akasaini, na saini yake ilikuwa nzuri. Akaulizwa ovaroli iko wapi. Alisema imefuliwa jana asubuhi. Msiba umeingia nyumbani Jumapili jioni, Jumatatu asubuhi mtu anafua ovaroli. Scolastika alisimama, akavuta kitambaa cha spika ya kwanza kikaanguka, akaigeuza kwa kushika fremu pembeni kama alivyofundishwa asubuhi, akamwambia Sameer asogee karibu. Karibu zaidi. Kifua chake kikawa mkabala na mabaka mawili meusi, na hata mtoto wa chekechea angeona vinavyolingana.

Akapitisha sumaku ya nanasi mbele ya unga. Ndevu zile zikainama zikiifuata.

"Hiki ni chuma cha karasha," alisema. "Hiyo ni mifuko yako. Yote miwili. Na plasta ya fundi ya Jumapili, kwenye daftari, haina chembe nyeusi."

Rangi ilimtoka Sameer usoni. Kisha akacheka kidogo, kicheko kibaya, akajipiga paji la uso. Alisema msiba umemchanganya kweli, amesahau kabisa. Aliingia. Alhamisi iliyopita. Kaki alimtuma aje kutoa vitambaa vya kufua, na spika moja ilitaka kuanguka, akaidaka. Zote mbili zilitaka kuanguka. Na huyo fundi naye, kama hakukuta chuma Jumapili, basi ni kwa sababu hasafishi, anabandika plasta mpya kwenye daftari kumdanganya mzee. "Muulize Kaki," alisema. "Kaki, waambie. Alhamisi si ulinituma?"

Wote waligeuka.

Scolastika alijua sasa kwamba kila kitu kimetua mabegani mwa mwanamke yule. Akisema ndiyo, chuma kinakuwa cha Alhamisi, daftari linakuwa la mwongo, na kesho saa tatu Donatus anapanda kizimbani. Nelly atazoea lile tofali. Ni neno moja tu, na hakuna wa kulipinga. Na anayeombwa ni mtu aliyemfunga huyu kijana kamba za viatu siku ya kwanza ya shule. Scolastika hakumhimiza. Aliogopa, na aliona aibu kuogopa mbele ya mama wa watu.

Mama Hansa aliokota kitambaa sakafuni. Alikikunja mara mbili, akalinganisha pindo, kisha akakikunja tena.

"Alhamisi vitambaa nilitoa mwenyewe," alisema. "Nikafua mwenyewe, nikavirudisha mwenyewe. Wewe Alhamisi ulilala Bugarama. Ulinipigia simu usiku kuniuliza kama nimekula."

Magunia ya pamba yaliimeza hata pumzi ya Marwa.

"Alikuwa hanisikilizi, Kaki," Sameer alisema mwishowe, na sauti ilikuwa ya mtoto. Maneno yakamtoka bila mpangilio. Alifika saa kumi na moja kasoro. Alimwomba mzee asiende Bugarama. Alimwomba azime muziki amsikilize dakika tano tu, mzee hata kichwa hakukigeuza, kwa sababu ukigeuza kichwa kwenye kile kiti unakosa muziki. Akamvuta mkono ainuke. Mzee akainuka kwa hasira, akamsukuma, naye akasukuma. Basi. Halafu akakumbuka kwamba fundi alikuwapo, na kwamba spika zikiwa ukutani kila mtu atasema fundi. Akatoka kwa mlango wa nyuma, akaendesha gari mpaka njia panda ya Bugarama, akasubiri huko hadi jua lilipokaribia kuzama.

Marwa alikuwa ameshatoa pingu. Mama Hansa alimzuia kwa kuinua mkono tu, akamsogelea yule aliyemlea, kitambaa kimekunjwa kifuani.

"Mzee wangu yuko hapa chini, damu inamtoka," alisema. "Wewe ukaenda kabatini, ukachukua vitambaa nilivyoshona mimi, ukazifunika hizi zisiingie vumbi. Moja, halafu nyingine. Yeye hukumfunika."

Sameer alikaa chini palepale, kwenye chaki. Ilibidi Marwa amwinue.

Scolastika alitoka ukumbini, akampigia mkuu wake. Alisema jalada litafika saa kumi kama lilivyotakiwa, ila jina la juu limebadilika, na alikata kabla ya kuulizwa "lakini". Kisha akapiga kaunta ya kituo. Aliwaambia wamweleze yule mama wa kwenye tofali asikabidhi hotpoti dirishani leo, akae nayo, mumewe atakula nje.

Mlangoni walichelewa kidogo, kwa sababu Sameer alikuwa amefungwa pingu na hakuweza kuvaa viatu. Koplo Marwa alipiga goti akamvalisha, cha kulia halafu cha kushoto, akafunga na kamba. Scolastika alikuwa anaingiza mguu wake wa soksi mbovu kwenye kiatu aliposikia mtu anamwita. Mlango wa chumba cha muziki ulikuwa wazi, na ndani Mama Hansa alikuwa amesimama, ameshika fremu ya spika pembeni, kwa ncha za vidole.

"Donatus akitoka, mwambie apitie hapa," alisema. "Ya kushoto irudi kushoto."